Maswali ya Wasomaji: Anajua la kusema, lakini mkono hautembei

SWALI: Mwanangu ana miaka 15 na ana ADHD, ile hali inayomfanya mtu apate shida kutulia na kuzingatia jambo. Ukimpa nafasi ya kusimulia, hamalizi leo. Lakini kwenye insha ya mtihani wa Kiingereza hukaa dakika 20 akiitazama karatasi tupu, kisha huandika mistari michache mbiombio. Shuleni wanasema hajitumi. Nimsaidieje? – *Mama mwenye wasiwasi*

JIBU: Mama, hilo la kutojituma liweke kando kabisa, na ukipata nafasi waambie na walimu wake. Insha ni kazi nyingi zinazomwangukia mtoto kwa mpigo: kuchagua wazo, kulipanga, kutafuta neno la Kiingereza, tahajia, mwandiko, na huku saa inakwenda. Vijana wengi wenye ADHD hupata shida kushika mambo kadhaa akilini huku wakiyafanyia kazi, na kuianza kazi isiyo na mlango dhahiri kwao ni mzigo peke yake. Anaposimulia kwa mdomo unamsaidia bila kujua: unaitikia kwa kichwa, unauliza "ikawaje?" Karatasi haimuulizi kitu. Na mara nyingi mawazo hayajamwishia; yamemjia sita pamoja, na hajui aache yapi.

Kwa hiyo lengo ni kupunguza maamuzi anayofanya ndani ya chumba cha mtihani. Awe na utaratibu uleule kila mara, hata swali liwe lipi. Tuseme insha ina dakika 45.

Dakika 2 za kwanza ni za swali tu. Azungushie duara neno linalomwambia afanye nini (asimulie, aelezee, ashawishi), kisha apigie mstari anamwandikia nani. Anayeruka hatua hii huweza kuandika hadithi nzuri mahali palipotakiwa barua, na alama zikapotea.

Dakika 1 ya kuchagua wazo. Ikiisha hajaamua, anachukua lililokuja kwanza. Sheria hii ifanyiwe mazoezi hadi izoeleke, kwa sababu kusitasita hapa ndiko kunakokula zile dakika 20.

Dakika 5 za mpango. Achore visanduku sita, kila kimoja kipate maneno mawili hadi manne, kwa lugha yoyote inayomjia haraka. Kwa maelezo ya mahali usiku, kwa mfano kituo cha basi, visanduku vingekuwa hivi: *taa inawakawaka, injini inanguruma mbali, mwanamke na sanduku jekundu, basi linafika, hashuki mtu, anakaa tena.* Insha nzima iko hapo, na sasa iko kwenye karatasi, haimtegemei kuibeba kichwani.

Kisha aanze kuandika na kisanduku cha pili. Ndiyo, cha pili. Aache mistari sita tupu juu na ajaze utangulizi baadaye. Sentensi ya kwanza huwatisha kwa kuwa wanataka iwe nzuri kuliko zote; sauti ya injini haimtishi mtu. *Somewhere behind the wall an engine coughed and died.* Akishapata sentensi moja ya namna hiyo, ya pili huifuata kwa wepesi zaidi.

Juu ya mpango aandike saa zenyewe, sio idadi ya dakika. Mtihani ukianza saa 3:00 asubuhi, aandike namba kama saa ya ukutani inavyozionyesha: 9:08 naanza, 9:40 naacha, 9:45 mwisho. Vijana hawa wengi hawahisi muda unavyopita, na "bado dakika 32" haiwaambii chochote. Kulinganisha namba mbili, ya ukutani na ya kwenye karatasi, wanaweza.

Nyumbani msianze na insha nzima. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea: Jumamosi saa mbili nzima mezani, kisha kalamu nyekundu. Mtoto anajifunza kwamba kuandika ni kusahihishwa. Wiki ya kwanza afanye mpango tu, dakika 8, mara nne, na karatasi iwekwe kando. Wiki ya pili aongeze sentensi tatu. Baadaye dakika 20, mwisho 45. Sahihisha jambo moja tu kila mara. Mwanzoni kaa karibu naye ukifanya shughuli yako kimya, maana uwepo wa mtu huwasaidia wengi kuanza. Halafu sogea taratibu, hadi chumba kingine, kwa sababu siku ya mtihani hutakuwepo.

Kama anatumia dawa, usimbadilishie kipimo wala saa kwa sababu ya mtihani bila daktari. Muulize mapema, hasa mtihani ukiwa wa mchana: methylphenidate ya muda mfupi, dawa itumikayo sana kwa ADHD, hufanya kazi kwa takriban saa 3 hadi 4, na dozi ya alfajiri inaweza kuwa imekwisha nguvu.

SWALI: Tumemwombea mwanafunzi wetu mwenye ADHD muda wa ziada, lakini insha zake hazijabadilika. Kwa nini? – *Mwalimu wa Kiingereza*

JIBU: Mwalimu, muda wa ziada humfaa anayeandika polepole. Aliyeganda anapata tu muda mrefu zaidi wa kuganda. Kwa mwenye ADHD, mapumziko mafupi yanayosimamiwa, saa ikisimamishwa, mara nyingi husaidia zaidi. Nchini Uingereza, kwa mfano, pamoja na nyongeza ya asilimia 25, mwanafunzi anaweza kupewa mapumziko kama hayo au mtu wa kumgutusha anapopotea mawazoni, bila kumsaidia majibu. Angalia kanuni za baraza lenu la mitihani zinaruhusu nini, omba mapema, na umzoeshe darasani msaada uleule utakaouomba. Kiti kiwe mbele, mbali na mlango na dirisha.

SWALI: Naanza vizuri, lakini katikati akili inafutika kabisa. Nasoma tena na tena nilichoandika na muda unaisha. – *Msomaji wa miaka 16*

JIBU: Mdogo wetu, kosa liko kwenye kusoma tena. Ukirudi mwanzo unaanza kusahihisha, na msahihishaji aliye ndani yako anamfukuza mwandishi. Jiwekee sheria: kalamu ikisimama kwa sekunde 30, weka miguu yote miwili sakafuni, vuta pumzi moja ndefu, kisha soma sentensi ya mwisho peke yake. Halafu jiulize moja kati ya haya: Kinasikika nini? Nani anasema nini? Kinafuata nini? Jibu la kwanza liandike, hata likiwa la kawaida. Zote zikigoma, acha mistari miwili na uhamie kisanduku kinachofuata kwenye mpango wako.

Neno la Kiingereza likikataa kuja, usilisubiri. Chora kistari kifupi mahali pake na uendelee. Dakika 5 za mwisho anza na vistari hivyo kabla ya tahajia. Neno lililokukataa mara nyingi huja lenyewe ukishaacha kulitafuta, na lisipokuja, weka jepesi unalolijua.