Kwa mnaouliza kama Jharkhand kuna pa kuwekeza

Ndugu zangu, swali mnalotuma ni moja kwa maneno tofauti. Mnasikia jimbo hili la India tunakoishi lina makaa ya mawe, chuma, shaba, boksiti, hadi urani ya Jaduguda, na mnataka kujua kama mtu mwenye mtaji wa kati, akitoka Dar, Nairobi au Bukavu, anaweza kupata kitalu cha madini au walau kufungua kiwanda. Wengine mnageuza upande wa pili: kama utajiri ni huo, mbona vijana wa Jharkhand wanakwenda kubeba zege Kerala na Gujarat, na wale wa Dumka wanapanda hadi Ladakh kupasua barabara za mpakani na China?

Nianze na kitalu, maana ndicho kinachowanyima usingizi. Hutapata. Kwa karatasi umeruhusiwa: India inakubali mgeni amiliki asilimia 100 ya kampuni ya uchimbaji bila kuomba kibali maalumu kwanza, na tangu 2019 makaa ya mawe nayo yamefunguliwa hivyo. Kinachokutoa nje ni mnada. Sheria ya madini ya 1957 ilibadilishwa mwaka 2015, na tangu hapo madini makubwa, kama chuma na boksiti, hayatolewi kwa maombi tena. Wanashindana, na ushindani wenyewe ni wa asilimia ya thamani ya madini utakayoikabidhi serikali ya jimbo. Katika minada ya chuma ya Odisha, jimbo jirani, mwaka 2020, makampuni kadhaa yalipanda hadi kupita asilimia 100. Yaani anayechimba anailipa serikali zaidi ya bei ya wastani ya hilo jiwe. Viwanda vya chuma hukubali kwa sababu tanuru lisilo na mawe ya chuma ni hasara kubwa zaidi, na faida wanaitafuta kwenye chuma kilichokwisha kuyeyushwa. Wewe usiye na tanuru faida utaitoa wapi?

Juu ya hapo kuna mrabaha: asilimia 15 kwa madini ya chuma, 14 kwa makaa. Kuna mchango wa mfuko wa wilaya, ambao ni asilimia 10 ya mrabaha kwa migodi ya mnada na 30 kwa ile ya zamani. Na Julai 2024 Mahakama ya Juu kabisa ya India, jopo la majaji tisa, iliamua kwa kura nane dhidi ya moja kwamba majimbo yana haki ya kutoza kodi ya madini mbali na mrabaha. Jharkhand haikuchelewa, mwaka huo huo ikatunga sheria ya tozo kwa ardhi yenye madini. Kwa hiyo mahesabu yoyote ya mgodi mliyoyaona yameandikwa kabla ya hapo, yatupeni.

Na msitafute huku mfano wa leseni ndogo ya PML tuliyozoea Tanzania, ile inayompa mchimbaji mdogo eneo lake. Haipo kwa madini makubwa. Mchimbaji mdogo wa Jharkhand ni yule mnayemwona kwenye picha akisukuma baiskeli iliyofungwa magunia ya makaa kushoto, kulia na katikati, mzigo wa kilo mia mbili na zaidi, kutoka Jharia, eneo la migodi ya makaa, kwenda kuuza mjini. Hapandi, anasukuma tu, usiku na alfajiri, kwa sababu kisheria hayo makaa si yake. Hana pa kuombea leseni.

Sasa kwa nini jimbo ni maskini. Jibu la haraka la rushwa ni la kweli, lakini halitoshi. Kuanzia 1952 hadi 1993 serikali ya India ilisawazisha nauli ya kusafirisha makaa, chuma na saruji nchi nzima. Mwenye kiwanda Bombay alilipia tani ya chuma bei ile ile na aliyekaa jirani na mgodi. Basi nani atajenga kiwanda Dhanbad, mbali na bandari na mbali na soko, wakati mali ghafi anaipata pwani kwa bei hiyo hiyo? Viwanda vikaota magharibi na kusini, huku mashimo yakabaki. Wakati huo eneo hili lilikuwa sehemu ya Bihar. Jharkhand ilijitenga 15 Novemba 2000 na kurithi miaka zaidi ya arobaini ya kunyimwa. Takwimu za umaskini wa nyanja nyingi za serikali ya India zilionyesha takriban asilimia 42 ya watu wa hapa ni maskini katika utafiti wa 2015-16, zikashuka hadi 28.81 katika ule wa 2019-21. Hatua kubwa, ila ni Bihar pekee iliyobaki nyuma yao.

Hata ubora wa madini una mambo yake ambayo vipeperushi vya wawekezaji havisemi. Jharia ndiko yaliko makaa bora ya koki, yale ya kuyeyushia chuma, ya India, lakini majivu ni mengi: makaa ya India kwa kawaida hubeba majivu asilimia 30 hadi 45, na tanuru la kuyeyushia chuma halivumilii kiasi hicho. Lazima yaoshwe, na mitambo ya kuosha haitoshi, ndiyo maana India yenye makaa mengi namna hii bado inaagiza makaa ya koki Australia. Madini ya chuma ya Noamundi na Kiriburu yana chuma cha kutosha, asilimia 60 na zaidi, lakini alumina ndani yake huifanya taka ya tanuru iwe nzito na isitiririke vizuri, hivyo koki inatumika zaidi. Na chini ya Jharia kuna moto uliogunduliwa mwaka 1916 ambao mpaka leo haujazimwa. Ardhi inatitia, nyumba zinapasuka, watu wanahamishwa polepole mno.

Tuje kwenye ardhi, hapa ndipo wengi huumia. Sheria ya ardhi ya Chotanagpur ya 1908 ilitokana na maasi ya Birsa Munda, aliyefia jela mwaka 1900 huko Ranchi, leo mji mkuu wa jimbo, na watu wa huku wanamheshimu kama sisi tunavyomheshimu Kinjeketile. Jimbo lilizinduliwa siku yake ya kuzaliwa kwa makusudi. Sheria hiyo inazuia ardhi ya wenyeji wa makabila asilia, Wasantali, Wamunda, Waho, Waoraon na wengine, kuuzwa kwa mtu wa nje. Mwenye asili anaweza kumuuzia mwenzake wa eneo la kituo kile kile cha polisi, tena kwa idhini ya mkuu wa wilaya. Upande wa Santhal Pargana ni sheria ya 1949, kali zaidi. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilijaribu kulegeza zote mbili, watu wakaingia barabarani, na gavana wa wakati huo, Droupadi Murmu, akairudisha miswada mwaka 2017. Huyo sasa ndiye Rais wa India. Mimi naona alifanya jambo la haki, hata kama wawekezaji walinuna.

Maana yake kwako ni hii: dalali akikuonyesha ekari tano nzuri kando ya barabara kuu ya Ranchi kwa bei ya kutupa, jua kuna uwezekano mkubwa ni ardhi ya kabila iliyopitishwa kwa jina la mtu mwingine. Sheria inaruhusu ardhi kama hiyo irudishwe kwa mwenyewe, na ukuta wako juu yake. Mgeni asiye mkazi hata hivyo haruhusiwi kununua shamba popote India. Kama kweli unahitaji eneo, kodi kiwanja au banda ndani ya maeneo ya viwanda ya mamlaka ya jimbo, JIADA, ambako umiliki umeshanyooshwa.

Makampuni makubwa nayo yamekwama hapo hapo. Mittal Steel, ambayo baadaye ikawa ArcelorMittal, ilisaini mwaka 2005 makubaliano ya kiwanda cha tani milioni 12 Jharkhand, hakikujengwa. Tata Steel wenyewe, waliotoa chuma chao cha kwanza Jamshedpur mwaka 1912, upanuzi wao mkubwa wa miaka ya karibuni wameupeleka Kalinganagar, Odisha, kiwanda kilichofikishwa uwezo wa tani milioni 8 mwaka 2024. Odisha ina bandari ya Paradip. Jharkhand haina pwani. Lakini msidhani kule mambo yalikuwa mteremko: Januari 2006 polisi waliua wanakijiji 13 wa makabila pale pale Kalinganagar katika mgogoro wa ardhi.

Penye riziki kwa mtu wa kawaida ni Adityapur, ng'ambo ya mto Kharkai kutoka Jamshedpur. Ni msongamano wa viwanda vidogo na vya kati vinavyosubu, kufua na kuchonga vyuma, wengi wao wakiihudumia Tata Motors, ambao malori yao yamejaa barabara zetu. Springi, drum za breki, habu, mabracketi na vyuma vya kusagia mawe migodini vinatoka hapa au jirani. Biashara inayoingia akilini ni kununua hapa na kuuza kwetu.

Chukua springi za lori. Jani zuri ni chuma chenye silikoni na manganizi, hupashwa hadi karibu nyuzi 900, hupozwa ndani ya mafuta, kisha hupashwa tena kwa joto dogo ili kiwe kigumu bila kuwa dhaifu. Mwishoni hupigwa vigololi vidogo upande unaovutika. Kiwanda cha uchochoroni huruka hatua mbili za mwisho. Asiyerudia kupasha anakuuzia jani linalokatika ghafla kwenye tundu la boliti ya katikati. Asiyepoza sawasawa anakuuzia linalolala ndani ya miezi michache ya mzigo. Kwa macho yote yanafanana, yamepakwa rangi ile ile. Omba cheti cha majaribio ya chuma chenye namba ya myeyusho, hakikisha namba hiyo imepigwa muhuri kwenye jani lenyewe, na mlipe mkaguzi huru apime ugumu kwa sampuli utakazochagua wewe, si alizoziandaa muuzaji. Viwanda vinavyouzia makampuni ya magari huwa na cheti cha IATF 16949, cha ubora wa vipuri vya magari, kiombe.

Kabla ya kutuma pesa, ingiza namba ya GST (kodi ya mauzo ya India) ya muuzaji kwenye tovuti ya serikali, ni bure, uone kama jina na anwani vinalingana na ankara. Lazima awe na namba ya usafirishaji, IEC. Akikuwekea GST ya asilimia 18 kwenye bei ya kusafirisha nje, mwulize kwa nini hatumii LUT, hati ya ahadi ya kusafirisha bila kulipa GST, kwa sababu mauzo ya nje hayabebi kodi hiyo. Akaunti iwe ya kampuni, kamwe isiwe ya mtu binafsi. Bei someni kwa makini: 12,50,000 ni milioni moja na robo, na krori moja ni milioni 10, koma zao haziko mahali pa koma zetu.

Usafiri una mtego wake. Kolkata iko chini ya kilomita 300, hivyo kila mtu atakuelekeza huko. Lakini ni bandari ya mtoni, meli kubwa haziingii, na kontena lako litashushwa Colombo au kwingine kungoja meli nyingine. Linganisha bei na siku za kupeleka kwa treni hadi Nhava Sheva au Mundra, bandari za magharibi zinazopata meli za moja kwa moja kwenda Mombasa na Dar. Mzigo wa Juni hadi Septemba, msimu wa mvua, upakwe mafuta ya kuzuia kutu na ufungwe vizuri, na mbao za chini ziwe na muhuri wa ISPM 15, wa kuonyesha zimetibiwa dhidi ya wadudu. Cheti cha ubora cha PVoC, cha ukaguzi wa bidhaa kabla hazijasafirishwa, kitafutwe kabla kontena halijafungwa. Likishaondoka bila hicho, faini utailipa kwenu.

Jueni pia kwamba Adityapur inapumua kwa pumzi ya Tata Motors. Mwaka 2019 soko la malori lilipoporomoka na kiwanda kikawa kinafungwa kwa siku kadhaa kadhaa, mabanda mengi yalizimwa. Ni wakati mbaya kwao, ila mnunuzi mwenye pesa taslimu hupata bei. Na wakati wa sikukuu za Kihindu, Durga Puja hadi Chhath, Oktoba na Novemba, msitegemee oda yoyote kutoka kwa wakati, wafanyakazi wako makwao.

Anayetaka kusajili kampuni yake anahitaji wanahisa wawili na wakurugenzi wawili, mmoja wao awe amekaa India siku 182 au zaidi ndani ya mwaka wa fedha. Hapo ndipo wengi hukodi jina la Mhindi wasiyemjua, na ndipo kampuni hupotelea. Mtaji ukiingia na hisa zikitolewa, benki ipelekewe fomu ya FC-GPR ndani ya siku 30. Ukichelewa kuna faini.

Kwa vijana wasio na mtaji nasema wazi: viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi, na viza ya ajira inadai mshahara usiopungua rupia 1,625,000 kwa mwaka, isipokuwa kwa wachache kama wakalimani na walimu wa lugha zisizo Kiingereza. Kibarua cha kujitafutia mtaani hakipo. Vibarua ni wenyeji, na wanalipwa kidogo. Viza inayozidi siku 180 isajiliwe FRRO, ofisi ya usajili wa wageni, ndani ya siku 14, na mwenye nyumba lazima aripoti mgeni wake ndani ya saa 24. Wengine hukataa Waafrika kwa kisingizio cha hiyo fomu. Inauma, na mtakutana nayo.

Lakini kama ni kusoma madini, njooni. Chuo cha Dhanbad, kilichoanzishwa 1926 na kufanywa IIT, yaani taasisi ya teknolojia ya taifa, mwaka 2016, kinafundisha uchimbaji, jiolojia na uhandisi wa mafuta, na migodi yenyewe iko mlangoni. Ufadhili wa masomo wa ICCR, baraza la utamaduni la serikali ya India, huombwa kwa mtandao na kupitia ubalozi wa India nchini kwenu. Walio kazini serikalini au kwenye mashirika waulizie kozi fupi za ITEC, ambazo India hulipia nauli, malazi na posho. Barua ya mwajiri ndiyo hukwamisha wengi, kwa hiyo ianzeni mapema kuliko fomu yenyewe.