Programu ya Gray-Scott inalipuka ukiongeza gridi: usikimbilie Newton kwanza

Mkuu, umesema programu yako ya Gray-Scott, yaani mfano wa kemikali mbili, u na v, zinazosambaa na kumenyuka hadi kuchora madoa, inakwenda vizuri kwenye gridi ya 256 kwa 256, lakini ukipanda hadi 512 namba zote zinageuka NaN (yaani si namba tena), na kuna mtu kakwambia uhamie mbinu ya Newton, inayotatua milinganyo kwa kukisia na kurekebisha jibu, kwa kuwa milinganyo yako si ya mstari. Mimi sikubaliani naye.

Anayekulipua si ile uv², sehemu ya mmenyuko. Ni msambao wa kemikali kwenye gridi. Naona umetumia vipimo vya Pearson vya 1993: eneo la 2.5 kwa 2.5, Du (kiwango cha u kusambaa) 0.00002, hatua ya muda 1. Kwa Euler ya mbele (inayopata thamani mpya kwa kutumia za zamani tu) yenye x na y, hatua ya muda isizidi h² gawanya kwa 4D, h ikiwa upana wa seli na D hapa ni Du. Kwenye 256, h ni kama 0.0098, kikomo kinatoka karibu 1.19, kwa hiyo ulipona chupuchupu. Kwenye 512 kikomo kinashuka hadi 0.30 na wewe bado unakwenda na 1. Ukishusha hadi 0.25 itatulia, ila seli ni mara 4 na hatua mara 4, kazi mara 16. Laptopu itakuchosha.

Mimi sehemu ya msambao huikokotoa kwa thamani mpya za hatua inayofuata, uv² naiacha kwa thamani za hatua iliyopita. Hapo u na v zinaachana ndani ya hatua: kila moja inabaki na mfumo wake wa mstari, na matriksi haibadiliki, unaigawanya LU (matriksi mbili za pembetatu, rahisi kutatua) mara moja tu mwanzoni. Kwa kuwa kingo zako zinajirudia, FFT (kugeuza data kuwa mawimbi) ni rahisi zaidi, unagawanya kila wimbi kwa namba yake basi. Newton ingekudai Jacobian (matriksi ya jinsi kila mlinganyo unavyobadilika) ya u na v kwa pamoja, visivyojulikana 524,288, kila hatua! Hiyo naitunza kwa kutafuta hali tulivu, au mmenyuko wenyewe ukiwa mkali kama kwenye mwako.

Ila usijiachie ukaweka hatua ya 20, mmenyuko bado unakubana. Jaribu hatua 1, kisha 0.5, kisha 0.25 ukianza na hali ileile: tofauti kati ya majibu yanayofuatana ipungue kwa nusu hivi. Linganisha mapema, kabla madoa hayajaanza kugawanyika, maana baada ya hapo hata kosa dogo linahamisha doa zima.