Isopodi wa pangoni: waache Amboni, anza na wa uani

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kutoa isopodi (viumbe wadogo wenye magamba na miguu mingi) wa pangoni, wale weupe wasioona, kule Mapango ya Amboni, Tanga, uwafuge chumbani. Hapana. Amboni ni hifadhi, na viumbe wa gizani kwa kawaida huzaa wachache. Ukichota kiganja umeshamaliza ukoo.

Anza na wale wa chini ya magogo uani kwenu. Ni jamaa wa kamba na kaa, wanapumua kwa viungo mfano wa matamvua, hivyo ukavu unawaua upesi. Kopo lenye matundu madogo, udongo, majani yaliyoanza kuoza, ganda la yai lililosagwa. Lowanisha upande mmoja tu, wachague wenyewe. Joto la Tanga ndilo la kuogopa: bati likichemka mchana, kopo likae sakafuni, mbali na dirisha.