Kabla ya kuchora kisu, chora mkono

Kisu changu cha kwanza nilikichora kwa siku tatu. Mgongo uliopinda, ncha ya kutisha, na vivuli vya penseli vilivyoling'arisha bapa hadi nikajisifu mwenyewe. Mpini niliuchora mwishoni, kwenye nafasi iliyobaki. Nilipokimaliza na kukishika, kidole changu cha mwisho kilikuwa kinaning'inia hewani: mpini ulikuwa na sentimita 9, na mkono wangu unataka 11 na ushee. Kila aliyekiona alikisifia, ila hakuna aliyekitumia, hata mimi.

Kwa hiyo wewe unayeanza kutengeneza visu, anza na mkono. Shika kipande cha mti kama utakavyokishika kisu, weka alama pale vidole vinne vinapoanzia na vinapoishia, kisha ongeza kidogo mbele na nyuma. Hicho ndicho kipimo cha kwanza kuingia kwenye karatasi. Bapa lifuate.

Chora kwa ukubwa halisi, tena kwenye karatasi ya grafu ukiipata. Mchoro mdogo unapendeza kwa sababu jicho linasamehe. Ukiukuza, ule mkunjo mzuri wa tumbo la kisu unageuka kibyongo. Pitisha kwanza mstari mmoja ulionyooka katikati ya mpini hadi mbele kabisa, uone ncha imekaa juu yake au chini yake. Mikunjo mirefu ivute kwa mkono mzima, kuanzia begani, maana vidole peke yake hutoa mstari unaotetemeka. Ukikosea usifute. Weka karatasi nyepesi juu ya mchoro, nakili kilicho kizuri, rekebisha kibaya. Mimi hufika karatasi ya saba au ya nane, na mara nyingi huishia kurudi kwenye ya tatu.

Ukiridhika, bandika mchoro kwenye kadibodi ngumu na ukate. Hapa ndipo mengi yanapofichuka. Kama ni kisu cha jikoni, kishike juu ya ubao wa kukatia na ufanye kama unakata. Bapa likiwa jembamba kwenye kisigino, yaani nyuma kabisa karibu na mpini, tuseme milimita 35 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, na mpini umekaa usawa wa mgongo, vifundo vya vidole vitagonga ubao kabla makali hayajafika. Kwenye karatasi kosa hilo halionekani hata ukilitazama mwezi mzima. Kama ni kisu cha kukunja, kata vipande viwili, bapa na mpini, uviunganishe kwa pini moja, ukunje na kukunjua. Utashangaa mara ngapi ncha inachomoza nje ya mpini, na kusogeza pini milimita 2 tu kunabadili kila kitu.

Wengi wetu huchora kisu kwa ubavu tu. Chora pia sura yake kikikatwa kwa upana, kwa sababu huko ndiko makali yanakoamuliwa. Chukua chuma cha milimita 4, chenye mteremko, yaani ule ubavu unaosagwa kushuka hadi kwenye makali, wa nyuzi 12 kila upande: mteremko utapanda milimita 9 na kidogo kutoka kwenye makali. Kwa chuma cha milimita 3 ni kama 7. Sasa ukichora mstari wa pale mteremko unapoanzia kwenye milimita 15 kwa sababu tu umependeza, katika chuma cha 4 pembe inashuka chini ya nyuzi 8, na kisu ulichokusudia kuchongea miti kitamenyeka makali siku ya kwanza.

Pale msuka, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, unapokutana na bapa, usichore kona kali ya ndani. Weka mkunjo, hata wa kufuatisha ukingo wa sarafu ndogo. Kisu changu kimoja kilipasuka hapo hapo wakati wa kutia matiko, yaani kukipasha moto na kukipoza ghafla ili kiwe kigumu. Nilisikia "tik" ndani ya mafuta na nikajua. Matundu ya ribiti nayo yaoneshe kwenye mchoro na uyatoboe mapema, chuma kikishakuwa kigumu kekee ya kawaida itateleza tu juu yake.

Vivuli achana navyo. Nafasi hiyo andika unene, aina ya chuma, tarehe.

Wakati wa kuhamishia kwenye chuma, usitumie penseli. Maji ya kupozea yataifuta ukiwa katikati ya kazi. Paka wino mzito usiofutika, laza kiolezo, ile kadibodi uliyoikata, kibane kwa jiliwa ndogo, kisha kwaruza ukingo wake kwa msumari ulionolewa. Kata nje ya mstari, ubakize nusu milimita hivi. Hiyo ni ya tupa.