Kufunga pawa stelingi kwenye Landrover 109: mambo ya kujua kabla hujashika grainda

Landrover 109 (namba ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) za Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zilitoka kiwandani bila pawa stelingi. Range Rover ilianza kupata yake mwaka 1973, na One Ten, mrithi wa 109, ilipokuja 1983 ikawa na nafasi ya kufungiwa, lakini 109 iliachiwa mikono ya dereva. Ukifanya kazi gereji ya Arusha, Morogoro au Nanyuki, iko siku atakuja mwenye pikapu aliyoirithi kwa baba yake, atapapasa bega, atakwambia: "Fundi, nifungie pawa." Mdogo wangu, kabla hujataja bei, inua gari mbele.

Usukani mzito una sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo zinatibika bila kuongeza kitu. Weka gari juu ya stendi imara, magurudumu ya mbele yaning'inie, kisha fungua tairodi endi, kile kiungo cha ncha kinachounganisha dragilinki (rodi inayosukuma gurudumu) na mkono wa gurudumu. Sasa una pande mbili zilizoachana: huku usukani, boksi la usukani na rilei (nitaieleza chini), kule magurudumu na ekseli. Zungusha usukani kwa vidole. Halafu shika gurudumu kwa mikono miwili, ligeuze kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Upande utakaogoma ndio wenye shida. Kama ni wa usukani, endelea kugawa: achanisha boksi na rilei, jaribu kimoja kimoja. Kazi hii haimalizi asubuhi, na inakupa jibu ambalo hutalipata kwa kuendesha gari wiki nzima.

Magurudumu yakigoma, angalia swiveli, zile tufe zinazong'aa nyuma ya gurudumu. Kutu ikishakula uso wa tufe, sili inakatika, oili inavuja, na ndani kunabaki tope la maji ya mtoni. Tatizo jingine linaletwa na mafundi wenyewe. Mkazo wa kingi pini, pini ambazo gurudumu linageukia, unapangwa kwa shimu, vibati vyembamba vya kujazia, na fundi aliyetaka kuua mtikisiko wa usukani barabarani anaondoa shimu moja au mbili zaidi ya inavyotakiwa. Mtikisiko unapungua kweli, ila kuanzia hapo dereva anashindana na gari.

Rilei ya usukani nayo usiisahau. Namaanisha ile silinda iliyozama ndani ya kiunzi cha mbele cha chesisi, chini ya redieta. Siongelei rilei ya umeme. Inatakiwa iwe na oili ndani, na nyingi hazijaonja oili tangu gari likiwa jipya. Kuitoa ikiwa imeshikana na chesisi ni kazi ya moto, nyundo na maneno yasiyoandikika. Ukifanikiwa kuitoa na ukataka kuifungua, kumbuka ndani kuna springi kali iliyobanwa. Izungushie gunia, lifunge kwa kamba, na usiiinamie. Springi hiyo ikifyatuka bila kizuizi inavunja taya.

Kuna na tairi. Gari hili lilikuwa likivaa 7.50-16, tairi nyembamba na ndefu. Mwenye gari akishaweka tairi pana zenye rimu zilizotokeza nje, eneo linalokwaruza lami linaongezeka, na pia gurudumu linasogea mbali na kingi pini, kwa hiyo mkono wa dereva unasukuma dhidi ya nguvu kubwa zaidi. Pima na upepo. Wapo wateja wanaoondoka hapa na usukani waliotaka, kwa gharama ya oili, sili na pampu ya upepo, na wanarudi mwaka mwingine na rafiki zao.

Nakazania hili kwa sababu pawa inaficha ubovu. Swiveli iliyokauka itageuka tu, maana sasa kuna pampu au mota inayoilazimisha, na dereva hahisi chochote. Anayebeba mzigo wote ni tairodi endi, kitu kidogo cha ukubwa wa ngumi, kikiwa kwenye barabara ya makorongo na tani moja ya mahindi nyuma.

Baada ya hapo ndipo mnaweza kuzungumza pawa, na kuna njia mbili zinazoeleweka: ya oili na ya umeme.

Njia ya oili maana yake ni kung'oa boksi la zamani pamoja na rilei, na kuweka boksi la Range Rover ya zamani au Defender ubavuni mwa chesisi, mbele. Hapa ndipo mafundi wapya wanapoharibu. Chesisi ya Landrover ni mraba wa bati wenye uwazi ndani. Ukitoboa, ukapitisha bolti ndefu na kukaza kwa nguvu, kuta zinabonyea kama kopo la rangi, na kesho bolti imelegea. Unakaza tena, zinabonyea tena. Dawa yake ni kutoboa tundu kubwa, kuingiza kipande cha bomba nene linalopita kuta zote mbili, kukichomelea nje pande zote mbili, ndipo bolti ipite ndani yake. Bolti inakaza bomba, bati linabaki salama. Tumia bolti zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani; zile zisizo na alama waachie wafunga mageti. Na kabla ya yote hayo gonga chesisi kwa nyundo ndogo, kuanzia bampa hadi nyuma ya springi ya mbele. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu, na hapo kazi inageuka kuwa ya chesisi kwanza.

Weka boksi kwa muda tu, kwa klampu, na uzungushe usukani kabla ya kuchomelea chochote. Boksi lililotoka kwenye gari jingine linaweza kugeuza mkono wake kinyume na ulivyotarajia, kutegemea limetazama wapi na mkono umeelekea mbele au nyuma. Dereva anakata kulia, tairi zinakwenda kushoto. Unacheka unaposoma, lakini ukishachomelea hakuna wa kucheka. Palepale kwenye klampu angalia mlalo wa dragilinki. Iwe ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu na ikaribie kulala sawa na ekseli gari likiwa chini kwa uzito wake. Ikiinama sana, kila springi inapopanda na kushuka rodi inalivuta gurudumu, na gari linajikatia lenyewe kwenye matuta.

Pampu ni swali la injini. Injini ya asili ya lita 2.25, ya petroli au dizeli, haina pahali pa kufungia pampu. Utatengeneza breketi na kuongeza puli kwenye kranki, na puli hizo zisipokuwa kwenye mstari mmoja mkanda utaliwa au kuruka. Ila 109 nyingi zinazoingia gereji zilishabadilishwa injini, zina injini za dizeli za baadaye, 200Tdi, 300Tdi au Isuzu, na injini kama hizo kwa kawaida zinakuja na pampu yake. Hapo nusu ya kazi imeshafanyika, na kwa maoni yangu mteja wa namna hiyo asisumbuliwe na habari za umeme.

Hozi ya kwenda kwenye boksi inabeba shinikizo linaloweza kuzidi bar 70. Hiyo hutengenezewa dukani, kwa mashine ya kubana ncha, kwa urefu uliopima ukiwa umeshageuza magurudumu pande zote. Hozi ya kurudi ndiyo inayoruhusiwa kuwa na klipu, nayo iwe ya kuvumilia oili. Jaza oili ya ATF, ile ya giaboksi za otomatiki. Asikudanganye mtu kwamba oili ya breki inafaa. Inavimbisha sili za pampu. Kutoa hewa hakuhitaji haraka: magurudumu yakiwa juu, injini imezimwa, zungusha usukani taratibu toka mwisho hadi mwisho huku msaidizi akiongeza oili kwenye kopo. Povu likikoma, washa injini, rudia. Pampu ikilia, bado kuna hewa au oili imepungua. Na mwambie dereva asing'ang'anie usukani ukiwa umefika mwisho, maana oili inachemka na pampu inakufa mapema.

Njia ya umeme imeletwa na magari madogo. Toyota Vitz na wenzake wana mota ndogo iliyofungwa kwenye nguzo ya usukani, ndani ya kabati la dashibodi, na nguzo hizo zimejaa kwenye maduka ya spea za mtumba, kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam hadi Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi. Uingereza watu wa Landrover hupenda ya Opel Corsa, huko ikiitwa Vauxhall. Hakuna pampu, hakuna hozi, injini ya asili inabaki kama ilivyo. Kwa mwenye 109 ya petroli anayeitunza kama kumbukumbu na kuendesha mjini Jumapili, hii ndiyo ningemshauri.

Lakini nunua nguzo pamoja na kompyuta yake na soketi zake zote, wala usikubali waya zilizokatwa. Kisha ijaribu mezani. Iunge kwenye betri, washa, geuza. Zipo zinazokubali kufanya kazi zikikosa ishara ya mwendo wa gari, zinatoa msaada wa kiwango kimoja tu, na zipo zinazogoma kabisa mpaka zidanganywe kwamba injini inazunguka. Jambo hilo ulijue ukiwa benchini. Nguzo ya zamani ikishakatwa umechelewa.

Umeme wenyewe si wa kubahatisha. Mota ikisukuma tairi zilizosimama inaweza kuvuta makumi ya ampea kwa mara moja, na altaneta ya asili ya Series III, Lucas 16ACR, ilitoa ampea 34 tu. Betri itabeba kilele hicho kwa muda mfupi, lakini ukiongeza taa na feni usiku wa mvua, betri inashuka. Badilisha altaneta, vuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, upe fyuzi yake peke yake, na earthi iwe nzuri. Kwenye Series II, zilizotangulia Series III, za kabla ya 1967 angalia pia upande wa earthi. Nyingi zilikuwa na chanya kwenye bodi, na kompyuta ya Vitz ukiigeuzia nguzo za betri haikupi nafasi ya pili.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kuunganisha shafti. Nguzo ya Vitz ni fupi na meno yake hayalingani na ya boksi la Landrover. Vijana hukata shafti mbili na kuzichomelea kwa elektrodi, wanasaga, wanapaka rangi nyeusi, panapendeza. Usifanye hivyo. Nenda kwa mtu wa mashine ya lezi, ya kukerezea chuma, akuchongee kiungo chenye meno pande zote mbili, chenye bolti ya kubana, au tumia krosi ndogo za usukani za kiwandani. Ukitumia krosi mbili, hakikisha uma zake zimeelekezana sawasawa na pembe zinakaribiana. Zikipishana, usukani utakuwa mwepesi, mzito, mwepesi, mzito ndani ya mzunguko mmoja, na mteja atasema umemfungia mota mbovu. Usiigonge nguzo kwa nyundo popote, kwa kuwa ndani kuna kijiti chembamba kinachojipinda kidogo ili kompyuta ijue dereva anasukuma kiasi gani. Kikipinda moja kwa moja, usukani unajivutia upande mmoja wenyewe.

Na tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili ndiyo hii: pawa ya oili inaondoa boksi la zamani na rilei yake, lakini mota ya umeme inakaa juu yao. Nguvu yote ya mota inapita ndani ya boksi la mwaka 1975. Kwa hiyo ule upimaji wa mwanzo, wa kuachanisha vipande kimoja kimoja, kwa mteja wa umeme ni sehemu ya kazi yenyewe, na uuweke kwenye bei.

Ukimaliza, kaza kila nati ya usukani kwa spana ya kupimia mkazo, weka pini za kufungia pale zinapostahili, kisha piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho pembeni yake. Endesha uwanjani kwanza, mwendo wa mguu, ukikata hadi mwisho pande zote huku mtu akiangalia hozi isiguse tairi wala springi. Zima injini gari likitembea taratibu mahali salama, ili ujue, na mteja ajue, usukani unakuwa mzito kiasi gani pawa ikikata. Pitisha gari kwenye alaimenti. Mwambie mwenye gari aitaarifu bima yake juu ya badiliko hilo, na asisubiri askari wa ukaguzi wa magari, au NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kwa aliye Kenya, awe wa kwanza kuliona.

Kisha mrudishe baada ya kilomita mia tano hivi. Gari liingie shimoni, tochi mkononi, na utazame mistari ile ya rangi. Uliovunjika unakuonyesha nati iliyosogea.