Ua Litazame Mwisho

Wiki yangu ya kwanza ya kujifunza mimea, mzee aliyekuwa akinifundisha alinipeleka ufukweni Ushongo, kusini mwa Pangani, akaniambia nihesabu aina za mimea inayotambaa pale mchangani. Nikapita nikitazama maua. Yote yalikuwa ya waridi iliyoelekea zambarau. Nikarudi nikamwambia, "Babu, ni aina moja tu." Akanijibu, "Rudi tena, na safari hii maua yafumbie macho."

Zilikuwa mbili. Ya kwanza, Ipomoea pes-caprae, ina jani nene lililogawanyika kwenye ncha mfano wa kwato za mbuzi, na jina lake la Kilatini ndivyo linavyosema: mguu wa mbuzi. Ua lake ni faneli moja nzima, linafunguka asubuhi na kufikia alasiri limeshasinyaa. Ya pili, Canavalia rosea, ni ndugu wa kunde. Kila jani lina vijani vitatu, na ua likishapita hufuata ganda la mbegu. Lichungulie ua lenyewe kwa karibu utaona limegeuka juu chini: ile petali pana ambayo kwenye kunde husimama juu, hapa imelala chini kama kibaraza. Nilikuwa nimekanyaga mimea yote miwili tangu utotoni.

Ndiyo maana kila mdogo wangu anayekuja kujifunza kazi hii, awe mwanafunzi au kijana anayetaka kuongoza watalii, namwambia ua alitazame mwisho. Anza na jani, ligeuze uone mgongo wake. Papasa shina. Tazama majani yamepangwaje, mawili mawili yakielekeana au moja moja kwa kupishana. Angalia mmea umeota wapi. Rangi iache kabisa kwanza. Huko huko pwani kuna mti wa jamii ya bamia, Hibiscus tiliaceus, ambao ua lake asubuhi ni la njano lenye kiini cha damu ya mzee, jioni limekuwa jekundu, kisha linaanguka. Aliyepita asubuhi na aliyepita magharibi wanaweza kubishana mpaka kesho, na wote wameona ua lile lile.

Lantana nayo imewachanganya wengi. Kishada kimoja kina njano katikati na waridi au nyekundu pembeni, kwa kuwa kila kiua hubadilika rangi kadiri kinavyozeeka. Mmea huu ulitoka Amerika ya kitropiki, watu wakaupanda kuwa ua wa nyumba, sasa umevamia malisho na ng'ombe wakiula unawadhuru. Wewe utambue kwa shina lake la pembe nne lenye vimiba, na kwa harufu kali ya jani ukilifikicha.

Nimesema ua wa nyumba. Kiswahili kimetufanyia ujanja hapa: ua huchanua na ua huzunguka boma, tofauti unaiona kwenye wingi, maua na nyua. Basi nenda kwenye nyua, maana ndiko kuna darasa la karibu na la bure. Alizeti mwitu (Tithonia diversifolia, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati) itakufundisha kwamba unachokiita ua moja ni mkusanyiko: kila kipande cha njano ukingoni ni ua, na pale katikati yamejazana mengine madogo kwa makumi. Uchagani utakuta isale, ambalo ni alama ya mpaka na pia jani la kuombea msamaha. Likitoa maua, usiku utayanusa kabla hujayaona.

Ila kwenye ua wa mnyaa, mikono yako iwe na adabu. Mimi nilivunja tawi nione utomvu, nikajisahau nikafikicha jicho. Nililia kutwa nzima, nikaoshwa kwa maji mengi, na siku mbili sikuona sawasawa. Mmea ukitoa utomvu mweupe, andika hivyo kwenye daftari, kisha nawa.

Kuhusu majina, waulize wazee, lakini andika na kijiji ulipoulizia. Mkoko kwa mtaalamu ni Rhizophora mucronata; kwa wengi ni mti wowote unaoota kwenye tope la bahari, mchu na mkandaa wakiwemo. Hakuna anayekosea hapo, ila daftari lako litakosea. Programu za simu nazo hunifikisha kwenye jamii ya mmea. Kwenye spishi mara nyingi zinabahatisha.

Mlimani mambo hubadilika. Kilimanjaro, ukishapita kituo cha Mandara, mita 2,700 hivi, msitu unakwisha na unaingia kwenye vichaka vya mierika, yaani mimea ya jenasi ya Erica. Hifadhini hairuhusiwi kuchuma, kwa hiyo utapiga magoti. Wageni wengi wakiona Kniphofia thomsonii, mnara wa vimirija vya rangi ya moto, wanasema ni mshubiri, na hata mimi nilishawahi kuwaambia watalii hivyo kwa sauti ya kujiamini. Teremsha macho kwenye majani. Ya mshubiri ni manene, yamejaa maji na mara nyingi yana meno. Haya ni membamba marefu kama ya nyasi. Jirani yake Helichrysum ana maua yanayochakarika kama karatasi: yale meupe si petali, ni magamba makavu yanayozunguka kichwa cha viua vidogo.

Mierika yenyewe ndiyo mtihani. Majani ni kama visindano, maua ni vikengele vidogo kuliko punje ya mchele. Erica arborea utaithibitisha kwa vinyweleo vya machipukizi, na bila lenzi ya mkono huvioni. Nunua lenzi ya kukuza mara 10, ifunge kamba uivae shingoni, na kazi ya mierika uifanye asubuhi. Mchana ukungu ukipanda, kioo kinalowa, na hapo utabaki unafuta tu.