Msomaji kaswida anamtesa mkewe: je, niendelee kumsikiliza?

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh wangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga. Kuna msomaji kaswida mmoja nimempenda tangu usichana wangu. Mama yangu alipofariki, kaswida zake za kumsifu Mtume (s.a.w.) na za kukumbusha mauti ndizo nilizolalia na kuamkia. Naweka simu pembeni ya mto, nasikiliza mpaka usingizi unanichukua. Mwaka huu tumepata jirani mpya, mwanamke mwenye watoto wanne, anachoma vitumbua alfajiri kuuza. Tulipozoeana nikajua kuwa huyo msomaji ndiye mumewe. Hakumwacha, wala hampi matumizi, mwaka wa pili sasa, na ameshampiga mara mbili. Siku moja nilikuwa nimekaa naye jikoni, mume akapiga simu, nikamsikia akimtukana kwa sauti ile ile. Tangu siku hiyo nikiweka kaswida yake moyo unakataa. Mume wangu ananiambia, "Wewe sikiliza maneno, achana na mtu." Je, ni dhambi kumsikiliza? Nizifute? Na kamati ya maulidi ya mtaa wetu inataka kumwalika Mfungo Sita hii, mchango ni shilingi 10,000 kila nyumba. Nitoe au nisitoe?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema "kwa sauti ile ile". Hapo ndipo lilipo swali lako lote, na sitakujibu kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi.

Hukuniuliza hukumu ya ala za muziki, kwa hiyo hapo napita haraka. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza, wako waliohalalisha, na dufu limepewa ruhusa, hasa harusini na sikukuu. Kaswida unazozitaja ni za sauti na dufu. Tubaki kwa mtu mwenyewe.

Kumsikiliza si dhambi. Ushahidi wangu ni hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Sharid bin Suwayd (r.a.). Anasema siku moja alipanda mnyama mmoja na Mtume (s.a.w.), yeye akiwa nyuma. Mtume akamuuliza kama anajua mashairi yoyote ya Umayya bin Abi Salt. Akasema anayajua. Akaambiwa asome. Akasoma ubeti, Mtume akasema endelea. Akasoma mwingine, akasema endelea. Mpaka zikafika beti mia moja. Umayya alikuwa mtu wa Taif. Alimtaja Mola mmoja katika mashairi yake, lakini Mtume alipokuja alikataa kumfuata, akafa hivyo hivyo. Na Mtume (s.a.w.) akasema juu yake kuwa alikaribia kusilimu katika mashairi yake. Beti mia, binti yangu, za mtu aliyemkataa yeye mwenyewe! Hakusema "usinisomee maneno ya yule." Aliyataka, tena akataka zaidi.

Na iko hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari, alipowekwa kulinda chakula cha zaka ya Ramadhani. Usiku wa tatu alimkamata mwizi, naye ili aachiwe akamfundisha kusoma Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala. Asubuhi Mtume akamwambia: "Amekuambia kweli, naye ni muongo." Kisha akamjulisha kuwa yule alikuwa shetani. Mpaka leo tunaisoma ile aya tukilala, wala hatuiachi kwa sababu ya kinywa kilichoitaja.

Basi maneno ya haki si mali ya anayeyasema. Kaswida zile huenda zimetungwa na mwingine aliyekufa zamani, mahadhi ameyarithi chuoni (madrasa), na koo amepewa na Allah bila ya kuiomba. Kilicho chake hasa ni namna anavyoishi na watu wake, na hicho ndicho ulichokisikia jikoni.

Lakini mume wako, Allah amhifadhi, amesema nusu ya jambo. Anaposema "achana na mtu" anadhani mtu na sauti vinatengana kama kikombe na kisahani. Mtume (s.a.w.) ametupa mfano mwingine, uliopokewa na Bukhari na Muslim. Muumini anayesoma Qur'ani ni kama tunda la utrujja, harufu yake nzuri na ladha yake nzuri. Mnafiki anayesoma Qur'ani ni kama rehani (jani la mrehani), harufu nzuri na ladha chungu. (Utrujja ni wa ukoo mmoja na balungi. Mimi nikiwasomesha watoto wa hapa huwaambia wafikirie chungwa la Muheza, wananielewa mara moja.) Mrehani kila nyumba ya Tanga unao, kwenye kopo dirishani au kwenye kikuba na asmini. Likate jani moja, lifikiche, linuse. Harufu inakaa vidoleni mpaka magharibi. Sasa liweke mdomoni ulitafune. Mtume hakuikana harufu ya rehani, wala hakusema ni ya uongo. Ila alitwambia iko na ladha yake. Wewe ulinusa miaka mingi, na siku ile jikoni ukatafuna. Ulimi hauwezi kusahau kwa kuambiwa tu "wewe nusa".

Sikusudii kumwita ndugu huyo mnafiki. Yaliyomo moyoni mwake anayajua Aliyemuumba. Ninachokuambia ni kwamba hiyo karaha uliyonayo si upungufu wa imani wala si ujinga wa mambo ya sanaa. Ni moyo unaofanya kazi yake. Mtume anayemsifu katika kaswida ndiye aliyesema, "Mbora wenu ni aliye mbora kwa ahali zake, nami ni mbora wenu kwa ahali zangu." Mtu akiimba sifa za aliyesema hivyo, kisha mkewe akaamka saa tisa za usiku kuchoma vitumbua ili watoto wale, masikio ya muumini lazima yashtuke.

Nikueleze yaliyonipata mimi. Nilipokuwa mtoto wa chuo palikuwa na kijana mkubwa aliyetufundisha mahadhi. Usiku wa maulidi tulikoka moto wa vifuu kando ya baraza kupasha madufu, ngozi ikaze. Yeye alikuwa akiyapokea moja moja, anagonga kwa ncha ya kidole, sikio karibu na ngozi. Likilia kizito analirudisha motoni. Hakuna aliyekuwa na sikio kama lake. Safari moja tulikwenda kusoma Pangani, tukatunzwa fedha za kununulia mikeka ya chuo. Fedha hazikufika kwa mwalimu. Aliyezibeba ni yeye, na aliyesingiziwa ni mimi. Nikachapwa mbele ya wenzangu naye amesimama ananitazama, halafu akaendelea kupasha madufu.

Mahadhi ya kisimamo (pale watu wanaposimama katika maulidi) ninayosoma mpaka leo ni yake. Sikujifunza mengine. Nilipokuwa mtu mzima nilimweleza mwalimu wangu ukweli wa siku ile, nikamuuliza kama niyabadilishe. Akaniuliza, "Yeye aliyapata wapi?" Nikasema kwa mwalimu wa kabla yake. Akasema, "Na huyo alikuibia nini?" Sikuyabadilisha. Lakini kwa miaka mingi sikuweza kukaa chumba kimoja na yule bwana akisoma. Nilikuwa natoka nje nasubiri barazani. Mwalimu aliniona, wala hata siku moja hakuniambia nirudi ndani.

Baadaye ndipo nilipoielewa hadithi ya Wahshi, iliyomo katika Bukhari. Wahshi alimuua Hamza, ami yake Mtume, vitani Uhud. Baada ya miaka alisilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Mtume (s.a.w.) akamuuliza, je, unaweza kuuficha uso wako nisiuone? Hakumrudishia dhambi wala hakumnyima haki yake ya Uislamu. Aliomba tu asimuone. Ikiwa moyo mtukufu kuliko mioyo yote ulikuwa na jambo lisilobebeka kulitazama, nani atakulazimisha wewe kuburudika? Kuburudika si wajibu. Hujakosa kitu ukizima simu.

Kuhusu kuzifuta, sikuamrishi na sikukatazi. Usizifute kwa hasira tu. Ile faraja uliyoipata mama alipofariki ilitoka kwa Allah, na Allah hufikisha rehema yake kwa mkono wowote anaoutaka. Usije ukaona kuwa ulidanganywa usiku ule. Machozi yako yalikuwa ya kweli na dua ulizomuombea mama zimekwenda zilikokwenda, hazirudi kwa sababu ya tabia ya msomaji. Hassan bin Thabit (r.a.), mshairi wa Mtume, aliteleza akawa miongoni mwa waliolikariri neno la uzushi lililomsingizia Bibi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, uzinzi. Miaka baadaye Urwa, mtoto wa dada yake Bibi Aisha, alimtukana Hassan mbele yake. Bibi Aisha akamkataza, akasema Hassan alikuwa akimtetea Mtume. Yeye ndiye aliyeumizwa, na bado hakuyafuta mema ya mtu. Zikae humo simuni kama unaweza. Ukiona kila ukizigusa unaumia, ziondoe, watafute wasomaji wengine, mwambao huu haujawahi kukosa sauti.

Sasa maulidi ya mtaa, na hapa nabadilisha sauti yangu. Kusikiliza peke yako chumbani ni jambo lako na Mola wako. Kumwalika mtu, kumkalisha juu ya zulia mbele ya watu, kumrushia marashi na kumtunza noti, hilo ni jambo jingine kabisa. Hapo hamchukui tena maneno yake, mnampa heshima na mnampa fedha. Muhammad bin Sirin, katika wale waliowafuata masahaba, amesema: elimu hii ni dini, basi tazameni mnaichukua kwa nani. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema kuswali nyuma ya fasiki (mtu wa maasi) swala inasihi, lakini ni makuruhu, yaani haipendezi. Na kama kuna mwingine, kwa nini atangulizwe yeye? Tena mke wake anakaa mtaa huo huo. Usiku huo atakuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, amembeba mwanawe mdogo, anamsikia mumewe akisifiwa kwa spika. Mimi siwezi kuwaambia watu wa kamati kuwa hilo halina neno.

Kwa hiyo nenda kwa mwenyekiti wa kamati kabla ya mchango, uende na mume wako, muongee naye faragha. Mwelezeni kiasi cha haja tu. Usilipeleke jambo hili kwenye makundi ya simu, wala usilisimulie foleni ya bombani. Uliyoyajua kwa jirani ni amana. Kumfikishia mwenye uwezo wa kuondoa dhuluma si kusengenya, na Allah amesema katika Suratun Nisaa kuwa hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Wakikubali kumwalika mwingine, toa elfu kumi yako na Allah akuzidishie. Wakikataa, mchango wa maulidi si faradhi. Nunua mchele na sukari, upeleke kwa watoto wale wanne, na nia yako iwe ile ile ya mapenzi ya Mtume.

Jirani yako naye ana haki isiyosubiri Mfungo Sita. Hind bint Utba alimshitaki mumewe kwa Mtume (s.a.w.) kuwa ni bahili, hampi kinachomtosha yeye na mwanawe. Mtume hakumwambia avumilie. Alimwambia achukue katika mali ya mumewe kinachowatosha kwa wema. Na akasema katika hadithi nyingine kuwa yatosha kuwa ni dhambi kwa mtu kuwatupa wale anaowajibika kuwalisha. Kupigwa ndiyo kabisa, hilo halisubiri hata kesho. Akipigwa tena aende polisi na hospitali siku hiyo hiyo, asione haya.

Mwambie aje kwangu Jumatano baada ya laasiri, na mzee wa upande wake, na cheti cha ndoa kama anacho. Nitamwita mumewe mimi mwenyewe. Namfahamu, na nimewahi kukaa naye meza moja nikimsifu sauti bila ya kujua haya. Asipokuja, tutakwenda ofisi ya kadhi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlazimu mume kumtunza mkewe na watoto, kwa hiyo mlango wa mahakama nao uko wazi. Aje na wale watoto wadogo ikiwa hana wa kumwachia, nyumbani kwangu kuna nafasi ya kuchezea.

Wallahu aalam.